Kaveati haigeuzi deni kuwa ardhi

Swali ambalo naulizwa kuliko yote kwenye mambo ya ardhi linakujaga hivi: kuna mtu nilimkopesha hela, halipi, simu hapokei, ila ana nyumba na hati yake safi kabisa, je naweza kwenda kuweka kaveati asiiuze mpaka anilipe? Nikijibu kwamba mara nyingi haiwezekani mtu ananuna, anaona kama nimehongwa na mdaiwa wake. Basi leo naandika kwa urefu, ukitumiwa link hii ujue swali lako ni hilo hilo.

Kaveati ni taarifa tu. Unampelekea msajili wa hati karatasi, mara nyingi na kiapo juu yake, inayosema mimi fulani nina maslahi kwenye hii ardhi, usisajili uhamisho wala rehani bila kunijulisha. Wengine wanaita zuio, na Kenya sheria yao ya usajili wa ardhi ya 2012 inaongelea kosheni, ila kazi ni karibu ile ile. Ni kama mtu aliye chooni akisikia kitasa kinazungushwa akasema "kuna mtu!", anamzuia mwenzie asifungue, lakini kelele yake haimfanyi kuwa mwenye choo.

Kwa hiyo haki lazima uwe nayo tayari kabla hujafika kwa msajili, na hiyo haki iwe juu ya ARDHI yenyewe, sio juu ya mfuko wa mtu. Deni ni jambo kati yako na mdaiwa. Kama ulimpa hela na hamkuandikiana popote kwamba kiwanja chake ndo dhamana, wewe ni mdai wa kawaida, uko foleni moja na kila anayemdai, na dawa yako ni kufungua kesi ya madai, ukishinda ndo unaiomba mahakama ikamate mali. Hata akukoseshe usingizi namna gani, hata deni liwe kubwa kuliko thamani ya nyumba yenyewe, kwenye nyumba bado huna kitu.

Nani sasa ana kitu? Mnunuzi aliyesaini mkataba na kulipa ila uhamisho bado haujasajiliwa, huyo anacho. Mkopeshaji aliyeandikiwa kwamba ardhi namba fulani ni dhamana ya mkopo wake hata kama rehani haijasajiliwa, anacho. Mtu ambaye ardhi yake imeandikwa jina la mwingine kwa makubaliano kwamba anamshikia tu, anacho pia, ingawa huyu ana kazi kubwa ya kuthibitisha. Mke au mume kwenye nyumba ya ndoa, hapo inategemea nchi, Tanzania kwa mfano Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 inasema wazi kwamba mwenza ana maslahi kwenye nyumba ya ndoa yanayoweza kulindwa kwa kaveati, na sheria za ardhi za Tanzania (1999) na Kenya (2012) zote zinataka ridhaa ya mwenza kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Wasiokuwa nacho: mkandarasi ambaye hajalipwa na mkataba wake hausemi lolote kuhusu dhamana ya ardhi, mwenye hisa kwenye kampuni (ardhi ni ya kampuni, yeye ana hisa basi), dalali anayedai kamisheni, na ndugu aliyekasirika. Huyo wa mwisho ni wengi mno.

Ili uelewe kwa nini sheria inabana hivi inabidi urudi kwa Robert Torrens. Huyu jamaa hakuwa mwanasheria, aliwahi kuwa mkuu wa forodha Australia Kusini, na mwaka 1858 sheria aliyoipigania ikaanza kutumika huko huku mawakili wengi wakimpinga. Kabla ya hapo kuthibitisha kwamba kiwanja ni chako ilikuwa unabeba furushi la nyaraka za kila mauziano ya nyuma, moja ikiwa ya kughushi au imepotea mnyororo wote unakatika. Torrens akasema hapana, kilichoandikwa kwenye rejista ndo umiliki wenyewe, anayenunua kwa nia njema aangalie rejista tu na atalindwa. Mfumo ukaenea, Malaysia, Singapore, Uganda, na sheria kadhaa za Kenya na Tanzania zina damu yake. Lakini ukishasema rejista ndo kila kitu unajikuta na tatizo la watu wenye haki halali ambazo hazijafika kwenye rejista bado, kama yule mnunuzi aliyelipa jana. Kaveati ilitengenezwa kwa ajili yao, iwashikie nafasi wakati wanakamilisha usajili au wanaenda mahakamani. Haikutengenezwa iwe silaha ya kudai madeni, ila ndo inavyotumika sana, manake ni rahisi kuiweka, na mwenye nyumba akikutana nayo siku ya kuuza anachanganyikiwa na kulipa ili mambo yaishe.

Ukweli ni kwamba msajili akipokea kaveati hafanyi kesi. Anaangalia fomu imejazwa, umetaja maslahi gani, ada imelipwa, anaiingiza. Watu wanachukulia kule kuingizwa kama ushindi. Kumbe ngoma inaanza pale mwenye ardhi anapoomba iondolewe, na hapo mzigo wa kuthibitisha unakuwa wako wewe uliyeiweka, sio wake. Kuna kesi maarufu ya Malaysia, Eng Mee Yong dhidi ya Letchumanan, ilifika hadi Baraza la Privy kule London (mahakama ya mwisho ya rufaa kwa nchi kadhaa zilizowahi kutawaliwa na Uingereza) na hukumu ikatoka 1979. Mnunuzi alikuwa na mkataba, muda wa kumalizia malipo ukapita hajamaliza, akaweka kaveati na kuapa kwamba wauzaji walikubali kumwongezea muda. Jaji Lord Diplock akasema kaveati inafanana na zuio la muda la mahakama, tofauti ni kwamba umelipata bila jaji kumsikiliza mwenzako, kwa hiyo ukiitwa ni wewe wa kumridhisha jaji kwamba kuna swali zito la kusikilizwa, na kwamba ukipima nani ataumia zaidi kaveati ikibaki au ikitoka, inafaa ibaki. Na akaongeza kitu ninachokipenda sana, kwamba jaji halazimiki kumeza kila kilichoandikwa kwenye kiapo hata kama kinapingana na nyaraka za wakati ule ule ambazo hakuna anayezibishia. Kaveati ikaondolewa.

Tafsiri yake kwa sisi wa sasa hivi: barua zako, meseji zako, risiti zako za wakati jambo linatokea zina nguvu kuliko hadithi nzuri utakayoapa miaka miwili baadae. Nimesoma viapo vya watu vinavyotiririka vizuri kabisa, halafu upande wa pili unatoa meseji moja ya mwenye kiapo inayosema "naomba unirudishie hela yangu nimeghairi hicho kiwanja". Kwisha.

Halafu kuna saa inayogonga na wengi hawajui. New South Wales, jimbo la Australia, mwenye ardhi akikuletea notisi ya kuiondoa kaveati una siku 21 kupata amri ya mahakama, usipoipata inakufa yenyewe. Queensland, jimbo jingine la huko huko, kaveati nyingi zinakupa miezi 3 uwe umefungua kesi. Uganda ni siku 60 tangu upewe notisi. Malaysia hata kama hakuna aliyeigusa kaveati binafsi inaisha baada ya miaka 6. Na ikishakufa usidhani utarudi kesho kuweka nyingine kwa sababu zile zile, sehemu nyingi sheria inakataza bila ruhusa ya mahakama, isingekuwa hivyo watu wangezungushana milele. Kwa hiyo ukiona mtu anakwambia "we weka kaveati halafu kaa utulie" huyo hakutakii mema.

Na kuna fidia. Sheria nyingi za mfumo huu wa Torrens, pamoja na ile ya Kenya ya usajili wa ardhi ya 2012, zinasema aliyeweka bila sababu ya msingi atamlipa aliyeumia. Mnunuzi amekimbia, riba ya benki imepanda wakati mauzo yamekwama, yote hayo yanaweza kukurudia. Mimi kwa kweli huruma na wanaoweka kaveati ya kukomoa sina. Ingawa upande wa pili nao usijifanye malaika, wako wenye hati wanaolia kaveati inawaonea huku kiwanja kimoja wamekiuza kwa watu wawili na wote wana risiti.

Hapo ndo tunafika kwenye ugomvi wenyewe, watu wawili wote wana haki halali juu ya ardhi moja na hakuna kati yao aliyesajiliwa. Nani anatangulia? Kanuni ya kuanzia ni wa kwanza kwa muda. Lakini wa kwanza anaweza kupoteza nafasi yake kwa mambo aliyofanya au aliyoacha kufanya, na swali la miaka zaidi ya mia ni je kuacha kuweka kaveati kunatosha kumnyang'anya nafasi?

Australia 1917, kesi ya Butler dhidi ya Fairclough. Butler kaandikiwa dhamana juu ya haki ya upangaji wa ardhi, hakuweka kaveati. Siku chache mbele Fairclough anakuja kununua, anakagua rejista, haoni kitu, analipa. Ndo Butler anashtuka na kuweka kaveati yake. Mahakama Kuu ya Australia, ambayo kule ndo ya juu kabisa, ikampa Fairclough, ikasema wewe Butler ulimwacha mwenzio anunue gizani. Kila mtu akaondoka na somo kwamba usipoweka kaveati umekwisha.

Mwaka 1971 mahakama hiyo hiyo, kesi ya J & H Just dhidi ya Bank of New South Wales. Benki ina rehani haijasajiliwa, haijaweka kaveati pia, ila imeishika hati ya mwenye ardhi kwenye sanduku lake. Mwenye ardhi anaenda kwa mkopeshaji mwingine, anaulizwa hati iko wapi, anasema iko benki imehifadhiwa tu. Mkopeshaji anaamini! Anatoa hela. Mahakama ikasema benki inabaki ya kwanza. Jaji mkuu Barwick akaeleza kwamba kaveati ipo kumlinda anayeiweka, sio tangazo la kuwaarifu watu wote, na benki kwa kushika hati ilikuwa imejilinda kwa njia nyingine, aliyesikia hati iko benki alitakiwa aende akaulize.

Watu wanasema kesi hizi mbili zinapingana. Mimi naona hazipingani sana, zote zinauliza ni nani aliyemwezesha mwenye ardhi kuonekana yuko huru wakati hayuko huru. Butler aliacha rejista safi na hakuna kingine cha kumshtua mnunuzi. Benki iliacha rejista safi ila hati haikuwa mkononi mwa mwenye ardhi, na hilo peke yake ni kengele. Siku hizi ambapo nchi nyingi zinahamia hati za kielektroniki, ile kengele ya karatasi inatoweka, kwa hiyo mimi ningekuwa mkopeshaji nisingelala usingizi kwa kutegemea 1971.

Inayoniuma zaidi ni Black dhidi ya Garnock, 2007. Wanunuzi wa shamba New South Wales wamesaini mkataba, wanasubiri siku ya kumalizia malipo, hawakuweka kaveati kwa sababu huko wengi hawakuwa na desturi hiyo kwa kipindi kifupi kama kile. Asubuhi ya siku ya malipo upande wao unakagua rejista, safi. Kabla ya saa sita mchana watu wanaomdai muuzaji wanaingiza amri ya mahakama ya kukamata mali kwenye rejista ile ile. Mchana wanunuzi wanalipa. Kesi ikaenda mpaka juu kabisa na majaji wakagawanyika 3 kwa 2, wanunuzi wakashindwa. Wamelipa, wana mkataba, walikagua siku hiyo hiyo, na bado. Kaveati ya ada ndogo tu siku ya kusaini mkataba ingewaokoa. Angalia na kejeli yake, wale waliowashinda walikuwa wadai wa kawaida kabisa, ila walipita mahakamani kwanza wakapata hukumu na amri ya kukamata. Hiyo ndo njia ninayokwambia wewe mwenye deni uifuate.

Kuna jambo jingine linafanyika sana na watu wanaliona la kawaida: unakopa, mkopeshaji anasema rehani ina mlolongo mrefu, we nisainie fomu ya uhamisho tu nikae nayo, ukinilipa nakurudishia. Tafadhali soma habari za Abigail dhidi ya Lapin, Baraza la Privy 1934. Familia ya Lapin ilisaini uhamisho kwa mke wa mtu aliyekuwa anawadai, kwenye karatasi ni uhamisho kamili, kwenye maneno ni dhamana tu. Rejista ikasoma jina la yule mke. Yule naye akaenda kuweka ardhi rehani kwa Abigail ambaye hajui lolote. Lapin walikuwa wa kwanza kwa muda, walikuwa na haki, na wakashindwa, kwa sababu wenyewe ndo waliompa mwenzao karatasi za kujionyesha kama mmiliki kamili na wakaacha kuweka kaveati ya kuwashtua wengine. Karibu miaka mia sasa na bado watu wanasaini. Ukilazimika kabisa (na sioni kwa nini ulazimike) basi andikianeni kwamba ni dhamana, na weka kaveati siku hiyo hiyo, hata kama mkopeshaji atakasirika. Akikasirika sana ushapata jibu lako kuhusu yeye.

Mali zinazohamishika, mitambo, magari, stoku, nako kuna rejista zake na kule ukali ni mara mbili. Kenya wana sheria yao ya 2017 ya dhamana juu ya mali zinazohamishika na rejista yake ni ya kielektroniki. Australia mfumo wao mpya ulianza Januari 2012, na mwaka uliofuata ikaja kesi ya Maiden Civil: kampuni inamiliki mitambo mitatu mizito, imeikodisha kwa mkandarasi kwa muda mrefu, haikusajili chochote kwa sababu mtu anasajilije kitu ambacho ni chake? Mkandarasi akakopa kwingine, mkopeshaji huyo akasajili dhamana juu ya mali zote, mkandarasi akafilisika. Mahakama ikasema ukodishaji wa muda mrefu nao unahesabika kama dhamana chini ya sheria hii, hukusajili, basi mkopeshaji anakupita kwenye mitambo yako mwenyewe. Na mwaka 2017 kwenye kesi ya OneSteel aliyekodisha mitambo alisajili kabisa, ila akatumia namba ya biashara ya mteja badala ya namba ya kampuni, anayetafuta kwa namba sahihi haoni kitu, usajili ukahesabika haupo na mitambo ikaenda.

Kubwa kuliko ni ya Marekani. General Motors (GM), kampuni ya magari, mwaka 2008 walikuwa wanamalizia mkopo mmoja wa karibu dola milioni 300, wanaandaa karatasi za kuondoa usajili wa dhamana zake. Kwenye orodha ikaingia kwa bahati mbaya na karatasi ya mkopo mwingine tofauti, wa dola bilioni 1.5, ambao benki ya JPMorgan ndo ilikuwa msimamizi wake. Mawakili wa pande zote waliziona hizo karatasi, hakuna aliyeshtuka, zikasajiliwa. Mwaka uliofuata GM ikafilisika. Kesi ikazunguka mpaka 2015 mahakama ya rufaa ikasema haijalishi kama benki haikukusudia kuachia dhamana yake, iliruhusu karatasi ile isajiliwe na hiyo inatosha. Sehemu kubwa ya dhamana ya bilioni moja na nusu ikapeperuka hivyo.

Sasa wewe ambaye kaveati yako ni halali na mwenzako amekubali kulipa, siku ya malipo utaletewa fomu ya kuiondoa uisaini. Angalia namba ya hati, angalia namba ya kaveati yenyewe kama una zaidi ya moja, na usiiachie kabla hela haijasoma kwenye akaunti yako. Wakisema msajili anafunga saa tisa, waambie kesho anafungua tena.